Bafle ya njia mbili ao ya njia tatu: mbele ya kulipa, uliza filtri

Pita Birere mjini Goma, panda Kadutu kule Bukavu, ao zunguka kwenye maduka ya Butembo ambako wafanyabiashara wanaleta bidhaa kutoka Dubai na China. Bafle zimepangwa mbele ya mlango na zote zinaimba kwa mara moja. Juu yake kuna karatasi iliyobandikwa: "2 VOIES", "3-WAY", wakati mwingine hata "4-WAY". Muuzaji atakuelekeza kwenye ile yenye macho mengi. "Papa, hii njo ya nguvu, iko na spika tatu." Na bei inapanda kufuatana na hesabu ya macho.

Kisha bafle inafika nyumbani. Base inatikisa tole, watoto wanafurahi, jirani anajua kama mumenunua kitu. Lakini saa ya habari mtangazaji anaongea sawa mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Anatangaza kwamba njia imefungwa, na watu ndani ya salo wanaanza kuulizana: amesema Sake ao Shasha? Mama wa nyumba anakumbusha kwamba poste ndogo ya zamani ilikuwa inaongea wazi kuliko hii sanduku kubwa. Mara nyingi ni yeye ako na haki.

Tatizo halitoki kwa hesabu ya spika. Linatoka kwa namna kazi imegawanywa kati yao, na hilo halionekani kwa macho ukiwa umesimama dukani. Tulielewe vizuri, sababu pesa ya bafle kwa familia nyingi ni pesa ya miezi.

Kwa nini spika moja haitoshi

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Bafle ni sanduku lote. Spika ni kile cha mviringo chenye karatasi na sumaku. Ile kubwa ya base, mafundi wengine wanaiita wufa, wengine bumeri. Ndogo ya juu ni twita. Ya katikati ni mediumu. "Njia" ni sehemu ya sauti ambayo kila aina ya spika inapewa kubeba. Kwa hiyo bafle yenye wufa mbili na twita moja inaweza kuwa ya njia mbili tu, hata kama macho ni matatu.

Sikio la mtu mwenye afya, akiwa kijana, linasikia kuanzia mitetemo kama 20 kwa sekunde hadi karibu 20,000. Mafundi wanaandika Hz. Kadiri mtu anavyozeeka, upande wa juu unapungua. Sauti ya 50 Hz, kama vile ngoma kubwa, ina wimbi lenye urefu wa karibu metre 7 hewani. Sauti ya 10,000 Hz, kama mlio wa maracas ao simbali, ina wimbi la sentimetre 3 na nusu hivi. Ili kusukuma hewa kwa wimbi la metre 7 unahitaji karatasi pana inayokwenda mbele na nyuma kwa nguvu. Ili kutetema mara 10,000 kwa sekunde unahitaji kitu kidogo na chepesi sana. Ni vigumu kumupata mtu mmoja anayebeba magunia bandarini asubuhi na kudarizi kola za mashati mangaribi, na afanye zote mbili muzuri.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji hawalisemi. Spika ikiwa pana kuliko wimbi inalotoa, sauti haitawanyiki tena ndani ya chumba. Inakwenda mbele tu, sawa mwanga wa torchi. Wufa ya sentimetre 16 inaanza kufanya hivyo karibu na 2,000 Hz, na ile ya sentimetre 30 inaanza mapema zaidi. Njo maana ukikaa pembeni ya bafle fulani unasikia base na mlio usio wazi, na ukisimama mbele yake kabisa maneno yanafunguka. Herufi kama s, sh, f na t ziko hasa juu ya 2,000 Hz, na s inapanda hadi 8,000 na zaidi. Zikipotea, Sake na Shasha zinakuwa kitu kimoja.

Njia mbili

Hapa kazi inagawanywa kwa watu wawili. Wufa ya sentimetre 13 hadi 17 inabeba base na sehemu kubwa ya sauti ya mtu. Twita, ambayo mara nyingi ni kibofu kidogo cha kitambaa cha sentimetre 2 na nusu, inabeba kilichobaki. Mpaka kati yao unawekwa na filtri, kwa kawaida kati ya 2,000 na 3,000 Hz.

Redio nyingi duniani zimefanya kazi na bafle za aina hii. Mfano unaojulikana sana ni LS3/5A, iliyochorwa na wahandisi wa BBC mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walihitaji kitu kidogo cha kuweka ndani ya gari la kurusha matangazo nje ya studio, ambamo nafasi ni finyu na fundi anakaa karibu kabisa na bafle. Sanduku lake lina urefu wa sentimetre 30 tu, upana 19. Wufa moja ndogo, twita moja ya milimetre 19, mpaka karibu 3,000 Hz. Base yake ni kidogo. Mtu wa sebene angecheka. Lakini sauti ya mtangazaji inatoka sawa ako mbele yako, na hilo njo walilolitafuta. Yamaha nao walitoa NS-10 mwaka 1978, ya njia mbili, na ile wufa yake nyeupe. Ilitengenezwa juu ya matumizi ya nyumbani, ikaishia juu ya meza za studio nyingi za muziki.

Uzuri wa njia mbili ni kwamba mpaka ni mmoja tu. Mpaka mmoja, makosa machache, vipande vichache vya kulipia. Spika mbili ziko karibu, kwa hiyo hata ukikaa metre moja na nusu, sauti inakuja kama inatoka mahali pamoja.

Ubaya wake ni mbili. Mpaka wenyewe unaanguka pale sikio letu lina ukali zaidi, kati ya 2,000 na 5,000 Hz. Filtri ikiwa mbaya, utaisikia haraka. Na wufa inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Hilo la pili linahitaji tukae juu yake kidogo, maana njo sababu ya kweli ya kuwepo kwa njia tatu.

Kuandika barua ndani ya gari

Chukua wimbo wa rumba. Gitaa ya base, kamba yake nzito ikiwa wazi, inatetema karibu mara 41 kwa sekunde. Ili kuitoa kwa nguvu, karatasi ya wufa inakwenda mbele na nyuma kwa milimetre kadhaa, na unaona kwa macho. Wakati huohuo, mwimbaji ako anaimba, na sauti yake inatoka kwenye karatasi ileile, kwa mitetemo midogo ambayo macho hayawezi kuiona. Yaani mwimbaji anasimama juu ya kitu kinachoruka.

Jaribu kuandika barua ndani ya gari kwenye njia ya Sake kwenda Masisi. Mkono wako ni mzuri, kalamu ni nzuri, lakini herufi zinatetemeka sababu ya mashimo. Ni hivyo sauti ya mwimbaji inavyotetemeka wakati wufa ndogo inalazimishwa kutoa base kubwa. Kwa sauti ya chini, ya kusikiliza habari na mazungumzo, hautaona kitu. Ukipandisha, wakati wa sebene, pale gitaa tatu zinajibizana na ngoma inaingia, kila kitu kinakuwa uji.

Njia tatu inamtoa mwimbaji ndani ya gari. Wufa ya sentimetre 20, 25 ao 30 inabaki na base peke yake, hadi kama 300 ao 600 Hz. Mediumu ya sentimetre 10 hadi 13 inapewa sauti ya mtu, gitaa, saksofoni, hadi kama 3,000 Hz. Twita inachukua juu. Mediumu haisukumwi tena na base, na kwa kuwa ni ndogo inatawanya sauti vizuri ndani ya chumba. Mtu aliyekaa pembeni ya salo anasikia maneno sawa na aliyekaa katikati. Wimbo uleule, kwa nguvu ileile, unapumua.

Wamarekani walionyesha hilo zamani. Mwaka 1958 kampuni Acoustic Research, ambayo Edgar Villchur alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, ilitoa AR-3: wufa ya sentimetre 30 ndani ya sanduku lililofungwa kabisa, mediumu na twita za kibofu juu yake. Ilikuwa bafle ya nyumbani, nzito zaidi ya kilo 20. Uzito huo uwe kichwani mwako wakati muuzaji anainua bafle ya "3-WAY" kwa vidole viwili.

Filtri njo bafle

Sasa tufike kwa pesa. Ndani ya bafle, kati ya kamba inayotoka kwa ampli na spika, kuna vipande viwili vya kugawanya sauti: bobini, ambayo ni waya wa shaba uliozungushwa, na kondensateri. Bobini inaacha base ipite na inazuia sauti za juu. Kondensateri inafanya kinyume. Ukiwekea twita ya omu 8 kondensateri moja ya mikrofarad 4, inaanza kufanya kazi karibu na 5,000 Hz. Kipande hicho ni kidogo kama ncha ya kidole, na bei yake haiumizi mtu.

Lakini ukitaka kugawanya wufa na mediumu pale 400 Hz, kwa spika za omu 8, hata filtri rahisi kabisa inahitaji kondensateri ya mikrofarad 50 hivi na bobini ya zaidi ya milihenri 3. Hiyo bobini ni kipande kizima cha shaba, na shaba tunajua bei yake hapa kwetu kuliko watu wengi duniani. Kisha mediumu inahitaji chumba chake cha kufungwa ndani ya sanduku. Bila chumba hicho, wufa ikisukuma hewa ndani inasukuma pia mgongo wa mediumu, na mwimbaji anarudi ndani ya gari.

Mtengenezaji wa bafle ya bei ya chini anaruka hayo yote. Anaweka kondensateri moja, tuseme ya 4.7, kwa mediumu, na nyingine ndogo kwa twita. Wufa haipati bobini, inapokea kila kitu. Piga hesabu: kwa mediumu ya omu 8, kondensateri ya 4.7 inafungua mlango karibu na 4,200 Hz tu. Pale sauti ya mtu, kwa sehemu yake kubwa, imekwisha kupita. Kumbe ile "mediumu" inafanya kazi ya twita, na maneno yote ya mtangazaji yanatoka kwa wufa ya sentimetre 25 ambayo imeanza kuyabana kama torchi tangu mbali. Macho ni matatu, njia ni moja na nusu. Pipa letu la mwanzo linatoka hapo.

Kuna mabaya zaidi. Kwenye bafle fulani za plastiki, jicho moja ni pambo: kuna kifuniko kinachongaa, nyuma yake hakuna sumaku wala waya.

Kwa hiyo kwa pesa ileile, na hasa ikiwa pesa si nyingi, bafle ya njia mbili ina nafasi kubwa zaidi ya kuwa ya kweli. Mtengenezaji aliyekuwa na dola kadhaa za kuweka ndani ya sanduku alizigawanya kwa spika mbili na mpaka mmoja. Ya njia tatu ya bei hiyohiyo ilipaswa kuzigawanya kwa spika tatu, mipaka miwili na sanduku kubwa. Njia tatu inaanza kushinda pale bei inaruhusu filtri nzima, na si mbele ya hapo.

Salo yako inasemaje

Salo ya metre 3 kwa 4, makochi yamegusa ukuta, mtu anakaa metre mbili toka bafle. Kwa chumba hicho njia mbili yenye wufa ya sentimetre 16 inatosha kabisa. Bafle kubwa ya njia tatu inahitaji umbali, metre 2 na nusu ao 3, ili sauti ya spika tatu zilizopangwa wima iungane kuwa moja. Ukikaa karibu sana unasikia base inatoka chini kwa miguu na simbali zinatoka juu kwa kichwa.

Nyumba za mbao za Goma ziko na tabia yake. Base inapita ukutani na kwenda kwa jirani, kwa hiyo ndani inabaki kidogo, na mtu anapandisha zaidi, na jirani anapata zaidi. Nyumba za matofali na simenti zinafanya kinyume: base inabaki ndani, na sauti za juu zinagonga ukuta na kurudi. Humo maneno yanachafuka hata na bafle nzuri. Rido nzito, kapeti, ao matelasi iliyosimamishwa nyuma ya kochi vinasaidia kuliko kubadilisha bafle. Na usisukume bafle kwenye kona, isipokuwa base imekosekana kabisa. Kona inaongeza base, lakini ni base ya kuvuma.

Twita iwe kwenye urefu wa sikio la mtu aliyekaa. Bafle ikiwa chini sakafuni, mtoto wa miaka minne njo anasikia vizuri kuliko watu wote.

Kura, batri na wati za uongo

Kwa yule ambaye kura yake inatoka kwa pano na batri, hapa njia tatu inaweza kurudisha heshima yake. Kila bafle ina kipimo cha sauti inayotoa kwa wati moja, kikipimwa metre moja mbele yake, kwa desibeli. Bafle ndogo za njia mbili mara nyingi ziko kati ya 83 na 87. Ile ndogo ya BBC iko karibu na 83 tu. Bafle kubwa yenye wufa pana inaweza kufika 90 na zaidi. Tofauti ya desibeli 3 inataka wati mara mbili. Tofauti ya 6 inataka wati mara 4. Kile ambacho bafle ya 90 inafanya na wati 5, bafle ya 84 inaomba wati 20. Usiku mzima wa kilio ao wa ndoa, batri itahisi tofauti hiyo.

Na wati zenyewe? "1000 W PMPO" iliyoandikwa kwa rangi ya zahabu haina maana. Geuza adapta na usome. Ikiwa imeandikwa volti 12 na ampere 3, zidisha: ni wati 36 ndizo zinaingia, na zinazotoka kwa spika ni chini ya hapo. Ampli ndogo ya volti 12 isiyo na chombo cha kupandisha volti ndani yake haitoi wati safi zaidi ya 18 hivi kwa bafle ya omu 4, ao 9 kwa bafle ya omu 8. Hata hivyo wati 9 safi ndani ya salo ni sauti kubwa.

Watu wanashangaa: twita ilichomekaje na ampli ilikuwa ndogo? Ndani ya muziki wa kawaida, sauti za juu zina nguvu kidogo, kwa hiyo twita inatengenezwa kuvumilia wati chache, hata kama bafle imeandikwa 100. Ampli ndogo ikisukumwa hadi mwisho inakata vichwa vya mawimbi, na kukata huko kunazaa sauti nyingi za juu ambazo hazikuwa ndani ya wimbo. Zote zinakwenda kwa twita. Ukisikia sauti imeanza kuchanika, teremsha. Batri ikiwa inakaribia kuisha inafanya vilevile, hata kama hakuna mtu aliyegusa kitufe.

Tahadhari nyingine juu ya omu: ukifunga bafle mbili za omu 4 kwa pamoja kwenye mdomo mmoja wa ampli, ampli inaona omu 2. Nyingi haziwezi. Zinapata moto, zinanyamaza, na fundi anapata mteja.

Ukiwa dukani

Muombe muuzaji afunge muziki kwanza na aweke redio. Sauti ya mtangazaji ambaye unamjua ni kipimo kizuri kuliko wimbo wowote, sababu sikio lako linajua tayari namna anavyoongea. Kaa mbele, kisha sogea pembeni hatua mbili. Maneno yakifungwa mara tu unaposogea, umekwisha kuelewa. FM yenyewe haipeleki sauti zaidi ya 15,000 Hz, na nyimbo za MP3 nyepesi tunazobeba kwenye simu mara nyingi zinakatwa karibu na 16,000. Kwa hiyo usilipe zaidi juu ya karatasi inayosema bafle inafika 25,000.

Kisha chukua karatasi ngumu, ikunje kama bomba, weka upande mmoja kwa sikio na mwingine mbele ya kila spika, bila kuigusa. Kwa mediumu ya kweli utasikia mtu anayeongea, bila base na bila mlio mkali. Ukisikia "tss tss" tu, hiyo ni twita ya pili. Ukisikia kimya, ni pambo. Gonga sanduku kwa vidole: likilia sawa ndoo tupu, litalia hivyo pia na muziki. Linyanyue. Sumaku na bobini vina uzito, na hewa haina.

Usidharau okazio toka Ulaya. Bafle za njia tatu za miaka ya 1970 na 1980, ambazo watu kule wanatoa juu ya kuachia nafasi televisheni kubwa, mara nyingi ziko na filtri kamili na sanduku la mbao nzito. Kwa maoni yetu, kwa mtu anayetaka njia tatu bila bei ya juu, njo mlango mzuri uliobaki. Lakini gusa kwa kidole ukingo laini unaozunguka wufa. Ikiwa ni ule wa sponji, baada ya miaka 15 ao 20 unaoza na kubaki unga. Fundi mwenye mkono anaweza kuubadilisha, kwa hiyo teremsha bei kabla ya kulipa. Kondensateri za zamani pia zinakauka, na bafle inapoteza ukali wake polepole bila mwenyewe kugundua.

Ukimpelekea fundi

Sema naye juu ya mambo mawili. La kwanza: kondensateri ya filtri inapaswa kuwa ile isiyokuwa na plus na minus, na ya namba ileile. Twita ya omu 8 iliyokuwa na kondensateri ya 3.3 inaanza kazi karibu na 6,000 Hz. Fundi akikosa na kuweka ya 10 "kwa sababu iko na nguvu", inaanza karibu na 2,000. Itaimba kwa sauti kubwa zaidi siku chache, mwenye bafle atafurahi, kisha itakufa.

La pili: plus na minus za kamba. Bafle moja ikifungwa kinyume cha mwenzake, moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na base inapotea katikati ya chumba. Watu wengi wametupa bafle nzuri juu ya hilo. Chukua jiwe la saa ya ukuta, la volti 1.5. Zima ampli, ondoa kamba za bafle kwake, na gusisha ncha zake kwa jiwe kwa sekunde moja: nyekundu kwa plus, nyeusi kwa minus. Wufa inapaswa kuruka mbele. Fanya hivyo kwa bafle zote mbili. Kama moja inaruka mbele na nyingine inarudi ndani, badilisha kamba za ile moja, washa tena, na usikilize habari za saa moja jioni.